KIJANA WA NANYUKI ALIYEFIA KIZUIZINI

(Hotuba ya Katibu wa tawi kwa wanachama, katika mkutano wa mwezi)



Kamati iliniagiza nizungumze juu ya swali ambalo wanachama wamelileta hapa mara nyingi: mwenzetu akifa, na wakubwa wakitoa sababu isiyoingia akilini, chama kifanye nini? Naona heri tusilijibu kwa maneno matupu. Nitawaeleza habari za kijana mmoja aliyekufa mwaka wa 1982, umri wake miaka 28. Kazi yake ilikuwa udaktari, na tena alikuwa mtumishi wa chama cha wafanya kazi. Jina lake Neil Aggett. Alikufa Johannesburg, Afrika ya Kusini, akiwa mikononi mwa polisi, lakini alizaliwa hapa kwetu, Nanyuki, tarehe 6 Oktoba 1953. Serikali ya huko ilisema kwamba alijinyonga mwenyewe na kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa. Ilipita miaka 40 kabla mahakama haijasema neno jingine.

MTOTO WA SETLA

Labda mtu atauliza: Nanyuki ya mwaka wa 1953, mtoto huyo alikuwa wa nani? Nasema wazi, alikuwa Mzungu, mtoto wa setla. Alipozaliwa, Hali ya Hatari ilikuwa imetimiza karibu mwaka mmoja katika nchi hii. Ndugu Makhan Singh, aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alikuwa amekwisha kukaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu, na hakuachiliwa mpaka mwaka wa 1961. Miezi sita baada ya mtoto huyo kuzaliwa, yaani Aprili 1954, askari waliizunguka Nairobi wakachukua wafanya kazi kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Watoto wa hao waliochukuliwa na mtoto huyu wa setla hawakulala kwenye kitanda kimoja wala kula sahani moja.

Mwaka wa 1964, Kenya ikiwa imekwisha pata Uhuru, baba yake alihamisha jamaa yake kwenda Afrika ya Kusini, ambako Wazungu walikuwa wangali wakitawala. Kijana alisoma Grahamstown, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, akamaliza masomo ya udaktari mwaka wa 1976. Angaliweza kufungua chumba chake cha udaktari mjini na kupata fedha nyingi. Yeye alikwenda kufanya kazi katika hospitali za Waafrika: Umtata, Tembisa, na baadaye Baragwanath huko Soweto, katika wadi ya majeruhi. Alijifunza Kizulu ili azungumze na wagonjwa wake.

Ndugu zangu, daktari wa hospitali ya namna hiyo hujifunza jambo upesi. Leo atafunga jeraha, na kesho ataletewa jeraha kama lile kutoka mahali pale pale. Leo atampa mtoto dawa ya kuhara, na mwezi ujao mtoto yule yule atarudi, kwa sababu mshahara wa baba haukutosha chakula. Aggett aliona kwamba dawa ya magonjwa mengine iko katika mshahara, akaenda kuitafuta katika chama cha wafanya kazi.

CHAMA CHA WATU WA MIKEBE

Chama alichokitumikia kilikuwa cha watu wanaotengeneza vyakula na kuvitia katika mikebe. Chama hicho kilianza mwaka wa 1941. Kwa ajili ya sheria za ubaguzi, ilibidi kigawanywe mara mbili, kwa sababu mpaka mwaka wa 1979 sheria ya nchi ile haikumhesabu Mwafrika mwenye pasi kuwa mfanya kazi anayeweza kuwa katika chama kilichoandikishwa. Fikirini jambo hilo. Mtu anafika kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, anatoka jioni mgongo ukimwuma, na sheria inasema yeye si mfanya kazi. Lakini watu wa mikebe walikuwa vyama viwili kwa karatasi tu. Katika mikutano na katika migomo walikuwa kitu kimoja.

Mwaka wa 1979 walijulikana nchi nzima. Katika kiwanda cha Fattis & Monis cha kutengeneza unga na makaroni, karibu na Cape Town, wafanya kazi zaidi ya 80 waligoma baada ya wenzao kufukuzwa. Chama kiliwaomba wananchi wasinunue makaroni ya kampuni hiyo. Wenye maduka, wanafunzi na watu wa makanisa wakaitika. Miezi saba ikapita, mwisho kampuni ikakubali kuwarudisha watu kazini.

Baada ya ushindi huo, chama kilitaka kujenga matawi Transvaal, upande wa Johannesburg, na Aggett akawa mtumishi wake huko. Kazi hiyo hakulipwa mshahara. Alifanya zamu za usiku Baragwanath ili apate pesa za kula, na mchana alikwenda kwenye milango ya viwanda kuongea na watu. Tena alikuwa miongoni mwa waliohimiza vyama mbalimbali viungane. Agosti 1981 vyama hivyo vilikutana Langa, Cape Town, kuzungumza habari ya umoja. Serikali ya Makaburu haikupenda, maana iliyajua maana ya umoja huo.

SIKU 70

Tarehe 27 Novemba 1981 polisi walimkamata Aggett pamoja na rafiki yake wa kike, Elizabeth Floyd, ambaye naye alikuwa daktari. Siku hiyo hiyo walimkamata Emma Mashinini, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa maduka na hoteli. Sheria ya wakati ule iliwaruhusu Polisi wa Usalama kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, bila wakili, bila kuonana na jamaa zake, kwa muda wowote waliotaka. Walimweka Aggett kwanza Pretoria, na mwezi wa Desemba wakamhamishia Johannesburg, katika jumba la polisi lililoitwa John Vorster Square. Lilikuwa jumba la ghorofa kumi, na watu wa mji ule walilipita wakitazama upande mwingine.

Mwisho wa Januari 1982 walimhoji kwa muda wa saa zaidi ya 60, tangu Alhamisi mpaka Jumapili. Siku ya tarehe 4 Februari, sajini mmoja wa kike wa polisi alichukua maneno yake, akayaandika. Aggett alisema amepigwa, na tena amepitishiwa stima mwilini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari alikutwa ndani ya seli, amening'inia kwa kitambaa kwenye vyuma. Alikuwa amekaa kizuizini siku 70.

Naomba msikilize hapa kwa makini, maana ndipo penye somo letu. Yale maneno yaliyoandikwa na sajini hayakuweza kufutika. Pia mfungwa mwenzake alikuwa amemwona Aggett akiteswa chumba cha pili, akaandika alivyoona kwenye karatasi, na karatasi ile ikapitishwa kwa siri mpaka nje. Ilimfikia Helen Suzman, mbunge, naye akaisoma mbele ya Bunge. Polisi walikuwa na funguo, bunduki na sheria. Upande wa pili ulikuwa na karatasi mbili.

NUSU SAA

Wafanya kazi wa Afrika ya Kusini hawakungoja hakimu. Tarehe 11 Februari, kwa mwito wa vyama vyao, makumi ya maelfu waliziacha mashine kwa muda wa nusu saa kumkumbuka. Mjue kwamba katika nchi ile, kwa wakati ule, kuacha mashine kwa dakika tano tu kulitosha kumfukuzisha mtu kazi. Tarehe 13 walimzika. Maelfu ya Waafrika walilifuata jeneza la kijana wa Kizungu katika barabara za Johannesburg, wakiimba nyimbo zao.

Baba yake hakuzipenda siasa za mwanawe, nao walikuwa wamefarakana kwa ajili yake. Lakini alipoletewa habari hizo, mzee yule alitafuta mawakili. Mmoja wao alikuwa George Bizos, aliyekuwa amemtetea Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia.

UCHUNGUZI WA KWANZA

Uchunguzi wa kifo uliendelea kwa miezi mbele ya hakimu. Mawakili wa jamaa walijikuta mahali pagumu. Nani aliyeona ndani ya seli usiku ule? Polisi peke yao. Basi mawakili hawakusimama kusema neno wasiloweza kulithibitisha. Walisema hivi: kama alijinyonga, basi wale waliomtesa ndio waliomfikisha hapo, na lawama ni juu yao. Wakawaleta mashahidi waliokuwa wamefungwa katika jumba lile, wakaeleza waliyotendewa, mmoja baada ya mmoja, na kila neno likaandikwa.

Desemba 1982 hakimu alitoa uamuzi. Alisema hakuna tendo la polisi lililoleta kifo kile. Jalada likafungwa. Watu wengi waliona kwamba kazi ile yote ilikuwa bure.

DESTURI YA WENYE FUNGUO

Hilo halikuwa jambo la mara moja. Mtu akifa mahali palipofungwa, sababu ya kwanza hutolewa na mwenye funguo. Mwaka wa 1969 Imam Abdullah Haron alikufa kizuizini Cape Town. Polisi wakasema alianguka ngazini. Mwaka wa 1971 mwalimu Ahmed Timol, mwenye miaka 29, alikufa katika jumba lile lile la John Vorster Square. Polisi wakasema aliruka dirishani toka ghorofa ya kumi. Wengine walisemwa waliteleza kwa sabuni wakioga. Katika jumba lile moja walikufa watu wanane waliokuwa kizuizini.

Na sisi tusidhani hayo ni ya Makaburu tu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walikufa. Serikali ya Kikoloni ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji, ndugu zangu! Madaktari walipoipima miili waliona alama za kupigwa, na hakimu aliyechunguza akasema watu wale walikufa kwa kupigwa. Ukweli ulijulikana kwa sababu miili ilipimwa na matokeo yakaandikwa. Hata hivyo hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Hali kadhalika katika kazi. Mtu akinaswa na mashine, utasikia, "Alikuwa mzembe." Kibarua akianguka toka juu ya jengo, utasikia, "Alikuwa amelewa." Pengine ni kweli, pengine si kweli. Maiti hawezi kujibu, na asemaye maneno hayo mara nyingi ndiye ambaye angalilipa kama sababu ingalikuwa nyingine.

MIAKA 40

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya uwongo huu ilikuwa ya miaka 40.

Utawala wa Makaburu ulikwisha mwaka wa 1994. Mwaka wa 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisema kwamba maofisa wawili wa Polisi wa Usalama, Arthur Cronwright na Stephan Whitehead, ndio waliomtia Aggett katika hali iliyompeleka kujiua. Ilikuwa hatua, lakini lile neno kwamba alijiua lilibaki pale pale. Mwaka wa 2017 kesi ya Timol ilifunguliwa tena, na jaji akaamua kwamba hakuruka, aliuawa. Mlango ukafunguka kwa wengine. Januari 2020 uchunguzi wa kifo cha Aggett ulianza upya katika Mahakama Kuu ya Johannesburg. Mashahidi waliokuwa vijana mwaka wa 1982 walirudi wakiwa na mvi. Yale yaliyoandikwa katika uchunguzi wa kwanza yalikuwako, na mengine yalikuwa yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Tarehe 4 Machi 2022 Jaji Motsamai Makume aliufuta uamuzi wa hakimu wa kwanza. Alisema Neil Aggett hakujiua. Aliuawa na Polisi wa Usalama. Mwaka wa 2023 jaji mwingine alisema vivyo hivyo juu ya Imam Haron, kwamba alikufa kwa mateso ya polisi, wala si kwa ngazi.

Sasa nawaomba msishangilie upesi. Baba na mama yake Aggett walikuwa wamekwisha kufa, hawakulisikia neno la jaji. Whitehead alikufa mwaka wa 2019, miezi michache kabla ya uchunguzi kuanza. Wale ambao wangalipaswa kujibu wengi wao walikuwa kaburini. Haki iliyofika ilikuwa haki ya jina: jina la kijana lilisafishwa, lakini hakuna mtu aliyesimama kizimbani kwa kifo chake. Gharama ya kuchelewa ni hiyo.

Lakini jiulizeni: jaji wa mwaka wa 2022 alipata wapi la kusemea? Alipata katika kazi ile iliyoonekana bure mwaka wa 1982. Mawakili walishindwa siku ile, lakini walichokiandika hakikushindwa. Kama wangalisema maneno makubwa bila ushahidi, wangalichekwa, na jalada lingalikuwa tupu. Kama wangalikaa kimya, lingalikuwa tupu vile vile.

TUFANYE NINI SISI?

Narudi kwa swali la kamati. Nchi yetu leo ina sheria ambazo Aggett hakuwa nazo. Tuzitumie. Nataja mambo sita, na kila mjumbe wa kiwanda ayaandike.

1. Siku ile ile, kabla jua halijatua, mjumbe aandike majina ya waliomwona mwenzetu mwisho, saa ngapi, wapi, na alikuwa akifanya nini. Kila shahidi aseme kwa maneno yake mwenyewe, kisha atie sahihi au dole gumba. Kumbukumbu ya mtu huharibika upesi, hasa mkubwa wa kazi akiisha kuzungumza naye ofisini.

2. Kama kifo ni cha ajali kazini, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe habari ofisa wa usalama wa eneo katika saa 24, kisha alete maandishi katika siku saba. Tusidhani amefanya. Katibu wa tawi amwulize ofisa mwenyewe.

3. Mashine isisafishwe wala kuhamishwa kabla ofisa hajafika, ila kwa kumwokoa mtu. Atakayeambiwa asafishe aulize ameamriwa na nani, na jina hilo liandikwe.

4. Mwili upimwe na daktari kabla ya mazishi. Jamaa waombe daktari wanayemwamini awepo. Najua ni jambo zito kwa waliofiwa, na desturi za wengine zinahimiza kuzika upesi. Basi wazee wa chama waende nyumbani kwa heshima, waketi na jamaa, waeleze sababu.

5. Mjane asitie sahihi karatasi yoyote ya mwajiri katika siku za matanga. Ailete kwanza hapa ofisini, isomwe kwa lugha anayoielewa. Fidia ya kifo kazini imo katika sheria. Si sadaka ya tajiri.

6. Kama mtu amefia katika seli ya polisi au kizuizini, sheria inataka hakimu achunguze kifo hicho, na kuna mamlaka ya kuwachunguza polisi, yaani IPOA. Chama kipeleke barua huko, na nakala yake ibaki katika faili yetu.

Na juu ya hayo sita, tusiseme tusilolijua. Mwenzetu akifa, uchungu hututia maneno mengi mdomoni. Tukisema "ameuawa" na kesho ikaonekana alikuwa na ugonjwa wa moyo, hakuna atakayetusikiliza mara ya pili, hata siku ile tutakaposema kweli. Tuseme tulichokiona. Tuulize tusichokiona. Na yote yawekwe katika kabati lenye kufuli, maana makatibu hubadilika, lakini faili ni ya chama.

Wengine mtaniambia, "Katibu, sisi tuna shida ya mshahara, wewe watuletea habari za makaratasi." Nawajibu kwamba kijana yule alikesha hospitalini usiku na kusimama kwenye milango ya viwanda mchana kwa ajili ya mishahara ya watu wasiokuwa wa kabila lake wala rangi yake. Aliyoyaacha ni machache sana: chama kilichoendelea bila yeye, na maneno yaliyoandikwa na sajini siku moja kabla ya kufa kwake. Maneno hayo yaliishi kuliko waliomtesa.

Wajumbe wa viwanda, kabla hamjatoka, piteni kwa mtunza hazina. Kila mmoja atapewa daftari moja na kalamu. Daftari hizo zimenunuliwa kwa ada zenu, na mkutano ujao kamati itazikagua.

Umoja wa wafanya kazi udumu.